Wanaoondolewa puru waelezwe mapema kuhusu kidonda cha msamba

Ndugu Mhariri,

Makala ya afya mliyoichapa hivi karibuni kuhusu upasuaji wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ilikuwa na manufaa makubwa, hasa pale ilipoeleza bila kumung'unya maneno kwamba damu inayotoka pamoja na choo si jambo la kunyamaziwa kwa kudhaniwa kuwa ni bawasiri tu. Ninaandika kwa sababu ya sentensi yake moja, iliyosema kwamba mgonjwa aliyeondolewa puru hupona mshono baada ya wiki mbili au tatu na kurejea katika shughuli zake. Kuhusu kupona kwa mshono wa tumboni, hilo kwa kawaida ni kweli. Kwa kidonda cha pili, kile cha msamba, yaani hapo katikati ya makalio palipokuwa na njia ya haja kubwa, ambacho makala haikukitaja kabisa, ni kweli kwa baadhi ya wagonjwa tu. Waliobaki, nikiwamo mimi, husoma maneno kama hayo na kudhani kwamba miili yao imeasi au kwamba kuna mahali wamekosea.

Naomba kwanza nieleze kidonda hicho ni kipi. Saratani inapokuwa chini kabisa, karibu na misuli inayobana njia ya haja kubwa, au inapokuwa imeishika misuli hiyo yenyewe, daktari hawezi kuondoa puru kisha akauunganisha utumbo tena. Hulazimika kuiondoa puru yote pamoja na njia ya haja kubwa, kuutoa mwisho wa utumbo mpana tumboni, kwa kawaida upande wa kushoto, ili choo kipitie hapo na kuingia katika mfuko, kisha kupafunga kabisa pale msambani palipokuwa na tundu. Mgonjwa huzinduka akiwa na sehemu tatu za kuuguza: tumbo, stoma (yaani huo mdomo wa utumbo uliotolewa tumboni) na msamba. Wenye ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo yasiyo saratani, ambao puru zao zimeharibika vibaya, nao huweza kufanyiwa upasuaji wa namna hiyo, na wale wa Crohn wanajulikana kwa kuchelewa kupona msamba hata kuliko sisi wa saratani.

Upasuaji wenyewe una umri wa zaidi ya karne moja. Daktari Mwingereza William Ernest Miles aliueleza katika jarida la Lancet mwaka 1908, baada ya kuona saratani ikiwarudia karibu wagonjwa wake wote aliokuwa akiwapasua kupitia msambani peke yake. Katika enzi hizo, na kwa miongo mingi baadaye, kidonda cha msamba hakikushonwa. Kilijazwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na kuachwa kijae chenyewe kutoka chini kuja juu, kazi iliyochukua miezi. Siku hizi kwa kawaida hushonwa palepale mezani, na mara nyingi mpira wa kutoa majimaji huachwa ndani kwa siku kadhaa. Nilipoyasoma hayo, mwezi wa nne nikiwa bado ninajazwa gozi, nilipata faraja ambayo sikuitarajia: kumbe nilichokiona kama ajali yangu binafsi kiliwahi kuwa ndiyo njia ya kawaida ya kupona.

Sababu za ukaidi wa kidonda hiki zinafahamika vyema, na ndiyo maana ninashangaa kwamba hazisemwi. Tumbo likifunguliwa na kufungwa, kuta zake hulala zikagusana na viungo vya ndani hujaza nafasi. Fupanyonga halifanyi hivyo. Ni bakuli la mfupa, na mfupa haubonyei. Puru ikiondoka hubaki shimo ambalo kuta zake haziwezi kukutana, na damu na majimaji hukusanyika humo kama maji kisimani. Mahali penyewe ni pa vijidudu tangu mwanzo, maana palikuwa njia ya choo. Mgonjwa hupakalia. Zaidi ya hayo, wengi wetu wenye saratani ya puru hupewa mionzi kabla ya upasuaji ili uvimbe usinyae na usirudi, na mionzi hiyohiyo huiharibu mishipa midogo ya damu na kuzidhoofisha chembe zinazofuma nyama mpya. Sisemi watu waikatae mionzi. Mimi mwenyewe ningeichagua tena leo. Ninasema gharama yake kwa kidonda itajwe pamoja na faida yake.

Utafiti mmoja wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wagonjwa 104 waliokuwa wamepata mionzi kabla ya upasuaji huu. Siku 30 baada ya upasuaji, takribani theluthi moja yao walikuwa bado hawajapona msamba bila matatizo, na hali ilikuwa karibu ileile kwa walioshonwa tu na kwa waliowekewa ndani wavu wa kibiolojia, yaani kipande cha tishu kilichotayarishwa ili kuimarisha mahali hapo. Wavu ulionyesha faida kwingine, katika kupunguza ngiri ya msamba ndani ya mwaka wa kwanza. Lakini theluthi moja, Ndugu Mhariri, si wachache wa kupuuzwa, na hawa walikuwa watu waliofanyiwa upasuaji kwa uangalizi wa utafiti.

Hospitali niliyotibiwa, ambayo sina haja ya kuitaja kwa sababu ninaiheshimu na kwa sababu ninaamini haiko peke yake, ilinifundisha kuhusu mfuko wa choo mara tatu kabla ya kuniruhusu. Muuguzi alikuja na picha, akanikatisha karatasi ya mazoezi kwa mkasi, akanivalisha na kunivua mfuko hadi mikono yangu ilipozoea. Kuhusu msamba niliambiwa niusafishe na nirudi kutolewa nyuzi. Barua yangu ya kuruhusiwa ilisema kwamba kidonda kinaendelea vizuri, neno ambalo siku hiyo lilikuwa sahihi.

Siku ya 12, nilipokuwa ninainuka kitandani asubuhi, nilihisi uvuguvugu ukishuka mapajani. Yalikuwa majimaji ya rangi ya chai yenye damu kidogo, mengi kiasi cha kulowesha shuka. Mke wangu alimulika kwa tochi ya simu akakuta sehemu ya chini ya mshono imeachia, tundu la kuingia ncha ya kidole kidogo. Tulikaa nusu siku tukibishana kama twende hospitali ama tusubiri tarehe ya kliniki, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba jambo hilo linaweza kutokea, wala hatukujua lipi ni la hatari na lipi si la hatari. Kwa tundu dogo kiasi kile nilitarajia kidonda cha juujuu. Muuguzi wa kliniki aliingiza kijiti safi chenye pamba, akakisukuma polepole hadi kilipogota, akaweka alama kwa kalamu pale ngozi ilipokomea, akakilaza kando ya rula. Sentimita saba.

"Sista, hiki kitaziba kweli?" mke wangu aliuliza.

"Kitaziba, mama, lakini lazima kianzie ndani. Msitamani ngozi ifunge haraka. Ngozi ikiwahi, mtakuwa mmefungia shimo."

Katika maneno hayo machache mlikuwa na elimu yote niliyoikosa wodini. Kidonda kilichofumuka mahali hapa hupona kwa kujaa nyama changa kutoka chini, na kazi ya gozi si kukiziba bali kuuweka mdomo wake wazi na kunyonya majimaji mpaka chini pajae. Ndiyo maana gozi huingizwa kwa ulegevu, haishindiliwi, kwa kuwa ikishindiliwa hukandamiza nyama changa na kuyazuia majimaji yasitoke. Ndiyo maana pia ni afadhali utepe mmoja mrefu ambao ncha yake inaachwa nje kuliko vipande vingi vidogo. Sisi tulitumia vipande, na siku moja kimoja kilisahaulika ndani. Baada ya siku tatu kulikuwa na harufu ambayo sitaieleza katika gazeti la familia. Tangu hapo mke wangu alikuwa na daftari: vimeingia vingapi, vimetoka vingapi, kina ni sentimita ngapi, majimaji yana rangi gani. Daktari alipoliona alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa makini kuliko alivyowahi kulisoma faili langu.

Kuna mambo mengine ambayo tuliyajua kwa kuchelewa, na ninayaandika kwa ajili ya aliye na tarehe ya upasuaji mkononi. Shemeji yangu, kwa huruma zake, aliniletea mto wa duara wenye tundu katikati, nami niliukalia kwa wiki mbili nikidhani ninajitendea wema. Mto wa namna hiyo huyaachanisha makalio na kuuvuta mshono pande mbili, na ndiyo sababu wauguzi wengi wa vidonda huukataza. Kinachofaa ni mto laini wa sponji uliojaa, kukaa kwa muda mfupi, kuegemea upande mmoja kisha mwingine, na kulala kwa ubavu badala ya chali. Kidonda husafishwa kwa maji safi ya vuguvugu yanayotiririka, kisha hukaushwa kwa kugusiwagusiwa kitambaa safi bila kusugua. Spiriti na dawa ya povu, ambayo wengi wetu huiamini kwa sababu povu lake linaonekana kufanya kazi, huua chembe changa zinazojaribu kuota na haifai kumiminwa katika shimo kama hilo. Nywele zinazoota pembeni huweza kuingia kidondoni na kukichokoza, kwa hiyo huhitaji kupunguzwa kwa uangalifu. Kuna wakati pia nyama changa huzidi, ikawa nyekundu, laini na yenye kutoka damu ikiguswa tu, na ngozi ikashindwa kupanda juu yake. Yangu iliguswa kwa kijiti cha nitrati ya fedha, dawa ya kuunguza nyama iliyozidi, jambo la dakika moja, na wiki iliyofuata kingo zilianza kusogea.

Mwili nao unahitaji malighafi. Nilikuwa nimepungua sana kabla ya upasuaji, na mtu aliyekonda kwa saratani, mwenye upungufu wa damu na protini, anamwomba fundi ajenge ukuta bila matofali. Mwenye kisukari asiyekidhibiti anajiwekea kizuizi kingine. Na kuhusu sigara sitazunguka: nikotini huibana mishipa ya damu ambayo tayari imepunguzwa na mionzi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wanaoacha kuvuta takribani wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji hupata matatizo machache baada yake. Mgonjwa anayepewa mionzi huwa na muda huo, kwa kuwa baada ya mionzi ya wiki kadhaa husubiri tena wiki nyingi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Mimi niliutumia muda huo kuogopa. Laiti mtu mmoja angeniambia kwamba wiki hizo ni za kuandaa kidonda ambacho bado hakijachanwa, ningezitumia vingine.

Nirudi kwenye swali lililotusumbua siku ile ya 12, la lipi ni la hatari. Majimaji mepesi ya rangi ya waridi au ya chai, yanayopungua siku hadi siku, kwa kawaida si ya kutisha, ingawa huduma ya kidonda ipewe taarifa. Homa, usaha, harufu kali, wekundu unaoenea, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au damu mbichi nyingi, hayo hayangoji tarehe ya kliniki. Vivyo hivyo kitu kinachofanana na choo kikitoka msambani: njia haipo tena, kwa hiyo kikionekana huenda utumbo umetoboka ndani na kujifungulia njia kidondoni. Uvimbe unaochomoza msambani mtu anaposimama na kuzama anapolala huenda ni ngiri. Na kidonda kilichofunga kabisa kisha kikafumuka baada ya miezi kadhaa lazima kichunguzwe, ikiwezekana kwa kukatwa kipande kidogo cha nyama, kwa sababu huenda saratani imerudi.

Kuna jambo moja ambalo hata katika familia tulilionea aibu. Wiki ya tatu nilianza kuhisi haja kubwa, ileile ya zamani, ya kunifanya nitake kukimbilia chooni, wakati mlango wenyewe umeshashonwa. Nilidhani akili yangu imeanza kuyumba. Kumbe ni hisia inayowapata wengi walioondolewa puru, kama vile aliyekatwa mguu anavyohisi vidole vikiwasha, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyokuwa ikihudumia puru bado inatuma salamu. Baadhi hupata nafuu kwa kwenda kukaa chooni kidogo, kisha hisia hupita. Sentensi moja ya muuguzi ingeniepusha na usiku mwingi wa kujishuku. Matatizo ya mkojo na ya tendo la ndoa nayo hutokea, kwa kuwa mishipa ya fahamu inayohusika hupita karibu sana na mahali panapokatwa. Hayo yanastahili barua yake.

Kidonda changu kilipofikisha miezi sita bila kufunga, daktari aliacha kukiita kidonda kilichochelewa na kukiita kwa jina jingine, mfereji sugu wa msamba, na hapo ndipo nilipojua kwamba kulikuwa na njia nyingine. Ipo mashine ya kunyonya, ambayo huwekewa sponji kidondoni na kuvuta majimaji muda wote. Upo upasuaji wa kukwangua mfereji hadi kufikia nyama yenye afya. Na upo upasuaji wa kuhamisha misuli yenye damu yake, kutoka tumboni, pajani au kwenye makalio, ili kulijaza shimo kwa nyama ambayo haikuguswa na mionzi. Mimi nilisaidiwa na mashine, na katika mwezi wa nane muuguzi yuleyule alitafuta pa kuingiza kijiti chake asipaone. Nilipomuuliza daktari kuhusu ile njia ya misuli, alinijibu kwa uaminifu kwamba kwa wagonjwa ambao shimo linajulikana mapema kuwa litakuwa kubwa, au waliopata mionzi mingi, hufanywa siku ileile ya upasuaji wa kwanza, pale ambapo yupo daktari wa upasuaji rekebishi. Hilo hasa huwahusu wenye saratani ya njia ya haja kubwa yenyewe. Tangu daktari Norman Nigro wa Marekani alipoonyesha mwaka 1974 kwamba mionzi pamoja na dawa za saratani vinaweza kuiponya bila kisu, wengi wao hawakatwi kabisa, na wale ambao saratani yao imebaki au imerudi hukatwa katika ngozi na nyama zilizokwisha kupigwa mionzi kamili.

Wapo watakaosema kwamba kumweleza mgonjwa haya yote kabla ya upasuaji ni kumtisha, na kwamba mwenye saratani ana hofu za kutosha. Hoja hiyo niliisikia kwa daktari kijana ambaye nia yake ilikuwa njema. Jibu langu ni kwamba kidonda kilichotabiriwa hakitishi kama kidonda kilichozuka. Zaidi ya hayo, kutojua kwangu kulikuwa na gharama ya kitabibu: dawa za saratani nilizopaswa kuanza baada ya upasuaji zilisogezwa mbele mara mbili, kwa sababu hazianzwi kwa wepesi juu ya kidonda kilicho wazi chenye maambukizi, na maambukizi yale yalitokana na kipande cha gozi ambacho tungefundishwa kukihesabu kisingesahaulika.

Ninachoomba kwa wanaohusika si vifaa vipya. Mazungumzo ya kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa yataje msamba kwa jina, yataje muda mrefu unaowezekana na si ule mfupi peke yake, na mgonjwa aulizwe ni nani nyumbani atakayeweza kumtazama mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kupaona, kwa sababu hakuna awezaye kujifunga kidonda hicho peke yake, hata kwa kioo, nimejaribu. Mtu huyo afundishwe wodini, kwa mikono yake, kama mimi nilivyofundishwa mfuko. Barua ya kuruhusiwa iandike hali ya msamba kwa vipimo pamoja na namba ya kupigia mshono ukiachia.

Kwa upande wa gazeti lako, ombi langu ni dogo zaidi. Makala ile ikichapwa tena, au mwandishi wake akiirudia mada hiyo, naomba sentensi niliyoitaja isomeke hivi: mshono wa tumbo kwa kawaida hupona ndani ya wiki chache, lakini kidonda cha msamba huweza kuchukua miezi, hasa kwa waliopata mionzi, na mgonjwa aulize kabla ya upasuaji ni nani atakayekihudumia.

Wako katika kujenga,
Msomaji aliyeondolewa puru
(Jina na anwani nimemwachia Mhariri)